Siku ambayo haikuwapo

Asubuhi ile nilisikia maji.

Anayeijua Kibirizi, mwalo wa kushushia samaki hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, saa moja asubuhi, wakati wa giza, yaani zile siku ambazo usiku hauna mbalamwezi, ataelewa kwa nini nimeanzia hapo. Siku za kawaida maji huyasikii pale. Unasikia injini, mabaharia wakitaniana kwa matusi, kina mama wakigombea karai, wapiga debe wa boti za vijiji vya kaskazini wakiita abiria. Siku ile vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa usiku kwa taa na wavu, viliingia kimoja kimoja, na watu wakashuka wamebeba taa na betri zao, wakapita bila kumtazama mtu usoni. Nyavu zilikuwa zimekunjwa vizuri. Wavu uliopata dagaa haukunjwi vizuri vile, unarudi na magamba, harufu na vurugu zake.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, kishikwambi mapajani, reflekta ya mradi mwilini. Kazi yangu ni rahisi kuieleza: kipe kikifika napima, naandika, natuma. Nikafungua fomu. Jina la mwalo, nikachagua. Namba ya chombo, nikaijaza. Uzito kwa kilo, nikaandika 0.

Yakatokea maandishi mekundu: weka namba kubwa kuliko sifuri.

Nikafunga fomu, nikaenda kunywa chai.

Nikiwa na chapati mkononi, akaja mama mmoja wa chanja za mwisho, huwa ananunua wabichi anawaanika. Tumezoeana kwa salamu.

"Mwakeye, mwanangu."

"Mwakeye, mama."

"Leo umeandika nini humo?"

"Sijaandika kitu, mama. Hakuna kilichoingia."

"Kwa hiyo leo haikuwapo."

Wala hakuwa anauliza. Alijifunga kanga yake upya, akachukua karai, akaenda zake. Mimi nikacheka kidogo, kama unavyocheka mtu mzima akisema jambo ambalo hujalielewa. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mtaji wa asubuhi ile ulikuwa mkopo wa kikoba, na kikoba hakina maandishi mekundu. Jumamosi ikifika unarejesha.

Tangu siku hiyo zimepita wiki nyingi na bado sentensi yake haijanitoka.

Nilikuwa muumini

Niseme wazi: mimi ni mtu wa vishikwambi. Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa, ile iliyohesabu watu kwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na niliona kwa macho yangu namna kazi iliyokuwa ya makabrasha inavyoweza kwenda kwa kidole. Nchi nzima tukatoka watu 61,741,120. Nilipolisikia tarakimu ile ya mwisho redioni niliona kama na mimi nimo. Basi ulipokuja mradi wa kukusanya takwimu za samaki ziwani (sitautaja, na haina haja), niliomba siku ileile.

Semina ilikuwa ya siku mbili, ukumbi una feni, posho ipo. Tulifundishwa kupima sampuli, kusoma namba ya chombo, kutofautisha dagaa na migebuka wachanga, kutunza chaji. Kuhusu sifuri nakumbuka sentensi moja tu, na tuliicheka wote: "Msikae nyumbani mkajaza sifuri."

Na ni kweli, wapo ambao wangejaza. Mvua inanyesha, unajifunika shuka, unapeleka sifuri kumi na tano, mwisho wa mwezi unasaini posho. Aliyetengeneza fomu alikuwa anamfungia mlango karani mvivu, na mimi simlaumu.

Ila mlango uleule ndio ulioifungia nje siku mbaya.

Vipe kumi

Nilianza kuelewa ukubwa wa jambo hili usiku, kwa kalamu, nyuma ya risiti ya luku.

Chukua mwalo wenye vipe kumi. Giza la kwanza vyote vinarudi na dagaa, kila kimoja kilo 40. Wastani ni 40, jumla 400. Giza linalofuata hali inaharibika: vinne vinarudi na kilo 60 kila kimoja, sita vinarudi vitupu. Jumla ya kweli ni kilo 240, yaani wastani wa 24 kwa kipe.

Fomu yangu inaona nini? Inaona vipe vinne tu. Wastani 60.

Mwalo wenyewe umeanguka kutoka 40 hadi 24, na kwenye jedwali umepanda kutoka 40 hadi 60. Hapo hatujafika mwisho, kwa sababu hakuna mradi unaoweza kupima kila chombo cha kila mwalo. Unapimwa wastani wa vichache, kisha unazidishwa kwa idadi ya vyombo vilivyoandikishwa. Sitini mara kumi, 600. Kwenye karatasi ziwa limeneemeka. Huku chini mama anatafuta wa kumkopesha ili alipe kikoba.

Niliirudia ile hesabu mara tatu nikitumaini nimekosea.

Kuna na jambo la taa. Wazee wanasimulia enzi za karabai, ile taa ya mafuta yenye utambi wa soksi, unaipiga pampu mpaka mkono unauma. Sasa ni taa za umeme wa betri na sola, na kipe kinaweza kubeba nyingi kwa gharama ndogo. Dagaa ni samaki wa makundi, na hufuata mwanga. Wakipungua ziwani, mvuvi anaongeza taa, anawavuta waliobaki kutoka mbali zaidi, na karai linajaa kama kawaida. Fomu inauliza uzito. Haiulizi taa ngapi zimetumika kuupata. Niliwahi kumuuliza baharia mmoja akanijibu kwa kuhesabu kwa vidole, akaishiwa vidole, akaacha.

Tope limeandika

Siandiki haya kwa kupenda ubishi. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, na maji ya chini huko hayana hewa. Ukipita mita 100 au 200 na kitu, samaki hawaishi. Chakula chote cha dagaa kinategemea upepo, hasa kusi, uyakoroge maji na kupandisha juu ile rutuba iliyozama. Maji ya juu yakizidi kuwa ya moto yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo unashindwa kukoroga.

Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba hilo lilikuwa limekwisha kuanza: uzalishaji wa vijimea vya majini ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, na wao wakakadiria kuwa mavuno ya samaki yangekuwa yamepungua kwa asilimia 30 hivi. Sehemu ya ushahidi wao ilitoka kwenye tope la chini ya ziwa. Tope hujipanga tabaka juu ya tabaka, miaka ya shibe na miaka ya njaa, na aliyefundishwa huweza kulisoma.

Nililisoma hilo nikamwonea wivu tope. Lenyewe haliambiwi na mtu liweke namba kubwa kuliko sifuri.

Upande wa watu nako hesabu zipo. Nchi nne zinazolizunguka ziwa ziliwahi kuhesabu wavuvi kwa pamoja mwaka 1995, wakawa karibu 45,000. Mwaka 2011 walikuwa karibu 95,000. Watu wameongezeka zaidi ya maradufu, ziwa ni lilelile, na lina joto zaidi. Hapo ndipo ile tofauti kati ya 24 na 60 inapoacha kuwa mchezo wa risiti ya luku.

Pengo moja, maana nyingi

Nikaanza kuyapitia upya madaftari yangu, yale ya pembeni ambayo mradi hauyajui. Nikagundua kuwa kimya cha fomu si cha aina moja.

Kuna siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkali taa hazina maana, vipe vinakaa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kulala. Fomu: hakuna kitu.

Kuna siku za upepo. Fomu: hakuna kitu.

Kuna ile miezi mitatu ya 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ziwa lilipofungwa ili samaki wapumzike wazaliane. Mwalo ulikuwa kimya mpaka unasikia kuku. Fomu: hakuna kitu.

Na kuna asubuhi kama ile ya chapati. Watu wamekesha, mafuta yameungua, wavu umeshuka na kupanda usiku kucha, wamerudi na nguo mbichi tu. Fomu: hakuna kitu.

Ziwa lililokatazwa na ziwa lililokataa, kwenye jedwali ni nafasi moja nyeupe. Sasa hebu fikiria mtu aliyekaa ofisini mbali huko, ambaye ameagizwa apime kama kulifunga ziwa kumesaidia. Anahitaji kulinganisha kabla na baada. Atalinganisha nini, ikiwa asubuhi mbaya za kabla na asubuhi mbaya za baada zote zimefutwa kabla hazijaandikwa?

Siku vipe vilipoingia tena majini baada ya Agosti ile, mimi niliona furaha mwaloni. Naiamini furaha ile. Ningependa tu kuwa na namba ya kuiweka kando yake.

Mabaharia wasio na bahari

Hapa nichepuke kidogo, maana jambo hili lilinichekesha peke yangu usiku wa manane.

Kwenye semina tulionyeshwa yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ambayo mataifa yalikubaliana mwaka 2015, kila moja na rangi yake, kwamba takwimu zetu zitachangia kufika 2030. Lengo la 14 lina picha ya samaki. Nikajua hilo ndilo letu. Juzi nikakaa kulisoma. Lengo la 14 ni la bahari. Bahari kuu, bahari na rasilimali za bahari. Ziwa limo kwenye lengo la 6, la maji, kwa maana ya maji yenyewe kulindwa. Samaki anayeliwa kutoka ziwani hana picha yake.

Sisi huku mwisho wa reli mvuvi wa kipe tunamwita baharia, tangu zamani. Kumbe anaitwa baharia na bahari hana.

Nilipojishuku

Nilikuwa tayari nimeandika ujumbe mkali kwa msimamizi wangu. Kabla sijautuma nikaenda kwa mzee mmoja anayemiliki vipe viwili, nikitaka aniunge mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni.

"Kijana, ukiruhusu sifuri, mimi kesho nakuletea sifuri."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu sifuri haina ushuru."

Akanieleza ambayo kwa kweli nilikuwa nayajua nikajifanya siyajui. Kipe kinaweza kuuza majini, boti ya mnunuzi ikakifuata hukohuko alfajiri. Kinaweza kushusha mzigo mwalo mwingine wenye bei nzuri. Kikifika Kibirizi ni kitupu, nyavu zimekunjwa vizuri, mabaharia wamenuna vizuri. Mimi nikiandika sifuri nimeandika uongo mtakatifu.

"Na asiyekwenda kabisa kwa sababu hana mafuta? Nayo utasema ziwa halina samaki?"

Nilirudi nyumbani nimenywea. Kwa siku kadhaa niliona afadhali fomu ibaki ilivyo. Namba unayoipata kwenye mzani angalau umeiona kwa macho. Sifuri unaambiwa. Na ni nani nchi hii asiyejua kusema hana?

Ujumbe nikaufuta. Nikaona aliyetengeneza fomu alikuwa na akili kuliko mimi.

Lakini sentensi ya yule mama ilikuwa bado ipo, kama mwiba wa migebuka kooni. Yeye hana sababu ya kudanganya ushuru. Asubuhi ile hakuniambia kipe kimepata nini au kimekosa nini. Alikuwa anazungumzia chanja yake.

Chanja

Chanja unazijua: miti imesimamishwa, wavu umetandazwa juu, urefu wa kiuno. Dagaa wanamwagwa hapo asubuhi, wanageuzwa, jua likiwa kali jioni wanakusanywa. Zamani walianikwa mchangani moja kwa moja, na ukila unasikia.

Nilikwenda kukaa huko badala ya kukaa kwenye mtumbwi wangu. Kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile niliugeuzia mgongo upande wa ziwa, na nikajiona mjinga. Kila nilichokuwa nakitafuta kilikuwa kimetandazwa hadharani. Ikifika saa nne unaona chanja zipi zimejaa, zipi nusu, zipi zina wavu mtupu unaopepea. Baharia anaweza kunificha alichouza majini. Kina mama arobaini hawawezi kuficha chanja.

Hapo nikapata wazo ambalo halikuhitaji mradi. Kila siku saa nne, nasimama kwenye jiwe lilelile, napiga picha moja. Baadaye nahesabu: zilizojaa, nusu, tupu. Dakika tano, bando la mia chache. Siku ya mbalamwezi tupu, naandika mbalamwezi. Siku ya mvua tupu, naandika mvua, kwa sababu siku za mvua dagaa wanaoza na mama mwenye akili hanunui. Siku ambayo jua linawaka, mwezi hakuna, vipe vilikwenda, na chanja ni tupu, naandika hivyohivyo.

Siwezi kuwaambia kilo ngapi. Naweza kuwaambia siku ilikuwapo.

Yule mama aliponiona ninapiga picha alisema nisubiri, akaondoa khanga iliyokuwa imeanikwa kwenye kona ya chanja yake. Ilikuwa tupu siku hiyo. Hakutaka ionekane na nguo.

Fomu mpya

Ujumbe niliuandika upya, safari hii kwa upole, nikaambatanisha hesabu ya vipe kumi na picha kumi na mbili. Msimamizi akanijibu kwa kidole gumba. Nikajua yameisha.

Hayakuisha. Mwezi uliofuata kishikwambi kiliomba kusasishwa, na fomu ikaja na swali jipya juu kabisa: Chombo kimepata samaki? Ndiyo. Hapana. Ukibonyeza Hapana inakuuliza sababu: hakikwenda, hali ya hewa, ubovu wa zana, kilikwenda hakikupata, nyingine. Niliisoma nimesimama. Nilimpigia simu mke wangu kumwambia, akaniuliza kama posho nayo wameiongeza.

Wiki tatu baadaye nikakutana na karani mwenzangu wa mwalo mwingine, nikamuuliza sifuri zake zikoje.

"Zote ni 'nyingine'."

"Zote?"

"Wewe hujajaribu kubonyeza 'hakikupata'?"

Ilikuwa bado mbalamwezi, sikuwa nimepata nafasi. Giza lilipoanza, siku ya tatu, kipe kimoja kikaingia kitupu. Nahodha wake namfahamu, namwamini, nilimwona akiondoka jioni na nimemwona akirudi. Nikabonyeza: kilikwenda hakikupata.

Fomu ikaomba picha ya mzani.

Nikakaa nikiitazama. Nikarudi nyuma, nikabonyeza tena, ikaomba tena. Baharia mmoja akaja kuchungulia begani kwangu, akauliza tatizo nini. Nikamwambia inataka picha ya mzani. Akaenda kuchukua karai lao, akaliweka juu ya mzani kwa heshima zote, kama lina dagaa. Nikapiga picha. Chini yake kukatokea kisanduku: andika uzito unaosomeka. Nikaandika 0.

Maandishi mekundu yaleyale.

Nikautazama mzani, nikaandika kilichosomeka. Alama ya kijani ikatokea, imetumwa.

"Umeandika ngapi?" akaniuliza.

"Kilo moja na robo."

"Za nini?"

"Za karai."

Akacheka mpaka akakaa chini, na hakuwa amelala tangu juzi.